Mtaa wa Mawaridi: Jinsi ya Kupanga Maua kwa Makundi

Kupanga maua kwa makundi ni kuweka maua ya aina au rangi moja upande mmoja wa chombo, kisha kuacha nafasi kabla kundi jingine halijaanza. Mawaridi yana mtaa wao, mayungiyungi mtaa wao, na majani hukaa mpakani. Kinyume chake ni mchanganyiko, ambapo kila ua huchomekwa popote palipo wazi. Mchanganyiko huo ukitazamwa kutoka mlangoni mwa ukumbi hufanana na pilau: utamu upo, lakini jicho halijui nyama iko wapi.

Sababu ni umbali. Waridi moja jekundu kati ya maua meupe kumi, mtu akiwa hatua ishirini, ni doa la mchuzi kwenye kitambaa. Yakiwa matano pamoja, ni rangi. Kikuba cha mwambao huchanganya asmini na rehani bila mipaka, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa kikuba ni cha pua. Meza kuu ya harusi huhukumiwa kwa macho.

Kazi huanzia kwenye sponji ya maua, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1954. Sponji huwekwa juu ya maji na kuachwa izame yenyewe. Ikikandamizwa, nje hulowa na ndani hubaki kavu. Mpambaji mwenye haraka huligundua hilo saa mbili usiku, mshereheshaji akiwaita wazazi wa bwana harusi, mawaridi nayo yameinamisha vichwa kama wageni waliokuja bila kutoa mchango.

Mashina hukatwa mshazari, na majani yote yatakayozama majini huondolewa. Kundi refu huchomekwa kwanza, nyuma. Maua makubwa yenye rangi nzito hukaa chini. Idadi ya 3, 5 au 7 hupendeza, kwani maua manne jicho huyagawa mawili mawili na kuanza kutafuta nani kamwoa nani. Ndani ya kundi, urefu hutofautiana kidogo, la sivyo maua husimama kama wanafunzi mstarini asubuhi. Shina lililokwisha kuchomekwa halichomolewi ovyo: tundu la sponji halizibi, na mpambaji anayebadili mawazo mara tano hubaki na makombo.

Hatua ngumu kuliko zote ni nafasi. Nafasi ni sehemu ya pambo, maana ndiyo inayoonyesha kundi linaishia wapi, lakini asiyejua huiona kama upungufu wa bajeti. Mpambaji akienda kunawa mikono, shangazi mwenye huruma hupita, huona pengo, na kulisitiri kwa maua ya plastiki ya sebuleni. Mweka hazina wa kamati naye huuliza hela za hapo palipo wazi zimekwenda wapi.

Kimo nacho kina hesabu yake. Pambo la meza ambayo watu hukaa wakitazamana lisizidi takriban sentimita 35, au basi lipande juu ya vichwa kabisa. La kimo cha kati huzaa video ya harusi ambamo kichaka kinalishwa keki.

Hatari mbili hubaki. Chavua ya mayungiyungi hutia madoa, hivyo vifuko vya chavua hiyo hunyofolewa ua linapofunguka. Chavua ikishadondokea shela, hunaswa kwa gundi ya utepe. Anayekimbilia kitambaa chenye maji huligeuza vumbi kuwa rangi ya kudumu. Ya pili ni ndizi mbivu. Hizo hutoa gesi ya ethilini inayoyazeesha maua, makanesheni hasa, kabla ya siku zake. Maua huhitaji chumba chenye ubaridi, na chumba hicho kwa kawaida wapishi wameshakiwahi kwa mikungu yao. Kanuni ni ileile ya makundi: ndizi mtaa wao, maua mtaa wao, na nafasi katikati iwe ukuta.