Barua ya Wazi kwa Jenerali Min Aung Hlaing, Kuhusu Bakuli

Mheshimiwa Jenerali,

Shikamoo. Marahaba yako nitaisubiri, maana shughuli zako ni nyingi na mimi ni nani hata nikukatize? Nikijitambulisha, mimi ni mjukuu wa keya. Babu alikuwa miongoni mwa vijana wa Afrika Mashariki ambao Mwingereza aliwapeleka mwaka 1944 kupigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw, matope magotini, mpaka mto Chindwin. Nchi yenu ya Myanmar aliiita Bama hadi alipofariki. Vita hakupenda kuvisimulia. Alichokisimulia ni watawa wanaopita alfajiri na mabakuli, kimya, na mama anayemtilia mtawa wali, kisha mama huyohuyo ndiye anayeinama kwa heshima.

Kwanza, pongezi. Sanamu ya Buddha ya marumaru uliyoizindua Naypyidaw mwezi Agosti 2023, futi 81 pamoja na kiti chake, inapendeza. Kiongozi anayepata wasaa wa kusimamia kazi kama hiyo huku nchi yake ikiungua ana utulivu wa moyo ambao sisi wengine tunausikia tu.

Pongezi nyingine ni za hesabu. Katiba ya mwaka 2008 inalipa jeshi robo ya viti bungeni bila kupigiwa kura, na kuibadilisha kunahitaji zaidi ya robo tatu ya wabunge. Mawaziri wa ulinzi, mambo ya ndani na mipaka ulikuwa ukiwateua wewe, mkuu wa majeshi. Wengine wangeshiba hapo. Lakini Novemba 2020 chama cha Aung San Suu Kyi kilipata viti 396 kati ya 476 vilivyogombewa, na tarehe 1 Februari 2021, ikiwa imebaki miezi mitano utimize umri wa kustaafu, ukalazimika kuliokoa taifa kwa mapinduzi. Wenye husuda wanasema ulijiokoa mwenyewe. Mimi simo. Isitoshe, uliyakuta: mwaka 1990 chama hichohicho kilipata viti 392 kati ya 485, na wakubwa zako hawakukabidhi hata ufunguo.

Sasa bakuli, lililonifanya nishike kalamu.

Watangulizi wako waliona mbali. Mwaka 1980, chini ya Jenerali Ne Win, iliundwa kamati ya dola ya kuwasimamia watawa wote, ambayo leo ina wazee 47. Madhehebu yanayotambuliwa ni tisa, na la kumi ni kosa la jinai. Ni mpango safi kabisa: mtawa akikukera, si lazima wewe umkemee, wazee wake watamkemea kwa niaba yako.

Lakini huko Mandalay, mwaka uleule wa 1990, baada ya askari kuwafyatulia risasi, watawa walifanya jambo ambalo halina fomu ya kujaza. Walifudikiza mabakuli. Hawakupokea tena sadaka ya mwanajeshi wala ya familia yake. Na sadaka bila mpokeaji haina thawabu, kwa hiyo mke wa meja alirudi nyumbani na sufuria yake ya wali, na dhambi zake zote. Oktoba, nyumba za watawa zikavamiwa, na sheria mpya ikatoka kabla mwezi haujaisha.

Mwaka 2007 watawa walipigwa na askari mjini Pakokku. Wenzao wakaomba kitu cha bei nafuu sana, samahani, na wakatoa muda hadi tarehe 17 Septemba. Samahani haikuja. Mabakuli yakafudikizwa tena, na barabara za Yangon zikajaa majoho ya rangi ya damu ya mzee. Kamati ikatoa waraka ikiwataka watawa warudi kwenye masomo na ibada. Waraka ulisomwa. Maandamano yakaendelea, mpaka wakaja askari usiku.

Wewe, kwa haki, umewapita wakubwa zako. Juni 2024 askari wako walipompiga risasi mkuu mmoja wa watawa wa Bago akiwa garini, vyombo vyako vya habari vilianza kwa kuwasingizia waasi, lakini mtawa aliyenusurika alipoeleza aliyoyaona, uliomba radhi. Hilo nakuandikia bila kejeli.

Kwa hiyo nina ombi dogo, Mheshimiwa. Usiwaite wazee wa kamati ikulu, wao watakuja tu. Amka siku moja alfajiri, uende Pakokku bila walinzi wala kamera, usimame kando ya barabara na sufuria ya wali. Msubiri mtawa yeyote, hata mwanagenzi wa miaka kumi na miwili. Akikusogezea bakuli lake, chana barua hii, nami nitakuomba radhi mbele za watu.

Wako mtiifu,
Mjukuu wa keya