Kuogelea Kwake, Kuruka Kwetu

Tajiri wetu wa Mbezi Beach ana bwawa la buluu kama picha ya kalenda. Kila wiki kijana wake anageuza valvu ya chujio la mchanga, maji yanapita kinyumenyume dakika mbili tatu, na lita mia kadhaa za tope, mafuta ya ngozi na klorini zinamwagwa kwa mpira hadi barabarani. Kuogelea hatukualikwa, makapi tunaletewa mlangoni. Mwambie, “Mzee, funga gunia la katani kwenye mdomo wa mpira, maji yatuame kwenye mapipa makuukuu, klorini iishie juani, kisha umwagilie migomba.” Atakujibu hali ni ngumu. Juzi kaweka taa chini ya maji, za rangi saba.