Siri ya Watu Wote

In-N-Out Burger, mali ya ukoo wa Snyder tangu 1948 kule Baldwin Park, California, ina menyu fupi kuliko ya mama ntilie: baga, chipsi, vinywaji, basi. Usidanganyike lakini, ipo na menyu ya siri! Siri yenyewe kampuni imeianika kwenye tovuti yake, ila wateja bado huagiza kwa sauti ya chini, wakimkonyeza muuzaji. Geuza kikombe cha karatasi: kitakoni pameandikwa Yohana 3:16. Uzima wa milele wanakukumbusha. Ila tawi la New York, sahau. Jikoni hakuna friza wala maikrowevu, na nje foleni ya magari imezunguka mtaa. Wote hao, ati, wamefuata chakula cha haraka.