Shangazi Hana Mipaka

Facebook ni ya buluu kwa sababu mwenyewe, Mark Zuckerberg, hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Buluu anaiona barabara. Shangazi yangu wa Tanga aliposikia hayo alisema, “Maskini!” kisha akaendelea kutundika salamu zake za Ijumaa: mawaridi mekundu, majani ya kijani, yote yanametameta. Kwake Facebook ni baraza. Wakwe wamo, majirani wa zamani wamo, na kila apitaye huulizwa hali ya nyumbani.

Instagram hakuipenda, na ana haki. Hadi mwaka 2015 picha za kule zilikuwa za mraba tu, na sisi ukoo wetu ni mpana. Picha ya harusi ya binamu yangu ilipopandishwa, wajomba wa pembeni walibaki mabega. Mmoja wao anaamini mpaka leo kwamba alikatwa makusudi kwa sababu ya mchango.

Michango yenyewe makao yake ni WhatsApp. Tangu tiki zianze kugeuka buluu mwaka 2014, hakuna ndugu anayeweza tena kusema hakuona ujumbe. Wajanja huzizima, lakini kwenye kundi tiki hazizimiki, na Shangazi analijua hilo kuliko mafundi wa simu. Ndiyo maana mambo yote ya ukoo huyapeleka kundini.

Halafu akajiunga na LinkedIn. Pale kurasa ni nyeupe, picha ni za suti, na mtu hapati kazi hivihivi: “ana furaha kubwa kutangaza”. Nami nilikuwa na furaha kubwa kutangaza kwamba nimepandishwa cheo. Mabosi wakapongeza kwa sentensi zilizopigwa pasi. Chini yao, kwa herufi kubwa, akatokea Shangazi:

“HONGERA MWANANGU. LAKINI USO UMEKWISHA, UNAKULA KWELI? NA YULE BINTI ULIYEKUJA NAYE IDI KAISHIA WAPI?”

LinkedIn ina alama ya balbu, ya kuonyesha kwamba maoni yamekufumbua macho. Mkuu wetu wa rasilimali watu aliibonyeza. Mhasibu naye akaibonyeza. Mtu wa Nairobi nisiyemjua akaandika kwamba hata yeye angependa kujua habari za huyo binti.

Kabla ya wiki kwisha, maombi ya kuunganishwa yalianza kumiminika. Kwa Shangazi.