Kikombe cha Shangazi

Shangazi yangu wa Ng'ambo, Unguja, anajua kila kitu kuhusu mkate wa kumimina isipokuwa vipimo vyake. Nilimpigia simu siku tatu kabla ya Ramadhani, nimesimama jikoni kwangu Al-Baghdadiyah, Jeddah, kalamu mkononi.

“Mchele vikombe viwili, sukari kikombe, tui kiasi, hamira kidogo.”

“Kikombe kipi, shangazi?”

“Kikombe, mwanangu! Kwani huko Uarabuni hamna vikombe?”

Vipo, na hapo ndipo balaa lilipo. Finjani ya kahawa ya huku haizidi mafunda mawili. Kikombe cha kupimia nilichonunua kina mililita 250, kumbe cha Wamarekani ni kama 240. Marehemu bibi alipima kwa kibaba, na vibaba vinne vilikuwa pishi, kwake na kwa jirani. Siku hizi kila jiko lina serikali yake.

Na hilo neno “kiasi”! Maana yake ni kipimo, lakini kwetu hutajwa pale kipimo kinapokosekana.

Basi nikabahatisha. Mchele wa basmati nikauroweka usiku kucha, nikausaga kwa tui la kopo, zito utadhani rangi ya ukuta. Hamira haikunisumbua kuipata, maana Waarabu nao huiita khamira; ilinisumbua ilipoingia kazini. Shangazi alisema niuache uumuke saa nzima. Yeye hajawahi kukaa na joto la Jeddah ndani ya jiko lisilo na dirisha. Dakika 20 tu, uji ulishapanda, ukavuka ukingo wa bakuli, ukaanza kuteremka mezani kama wenye safari zake.

Kilichobaki nikakitia hiliki na ute wa yai, nikakimimina kwenye sufuria, nikakisukuma ndani ya oveni. Shangazi huweka makaa chini na juu ya mfuniko. Oveni yangu ina moto wa chini tu. Mkate ulitoka mweusi chini, mweupe juu kama sanda. Jirani yangu Mhadhrami alisema bismillahi, akatafuna, hakusema tena.

Nilinung'unika kwenye simu mpaka shangazi akachoka. Katikati ya mwezi, mtu wa kwetu aliyekuja Umra akaniletea kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha khanga. Ndani yake kikombe cha bati, mkono umekatika, kutu imekula ukingo. Nikakijaza maji, nikayapima kwenye mzani: gramu 310. Yaani mililita 310! Sikuwa mpishi mbaya, nilikuwa napunjwa.

Jioni ile nikaazima oveni ya jirani, yenye moto juu na chini. Mkate ukatoka mkate. Mhadhrami akarudi mara tatu.

Kesho yake alasiri simu ikaita.

“Mwanangu, nataka kumimina mkate wa futari, na kikombe unacho wewe. Sasa mimi nipimie nini?”