Chupa Imekuja Kuposa

Utaisikia kabla hujaiona. Pale stendi, spika iliyofungwa kwenye baiskeli inarudia maneno yale yale tangu asubuhi: sukari, presha, bawasiri, chango, nguvu za kiume, yote chupa moja. Au italetwa na shangazi, kwenye chupa ya maji iliyobanduliwa karatasi, pamoja na habari za jirani yake aliyepona kisukari kabisa. Hao ni washenga. Chupa yenyewe imekuja kuposa, na posa ina taratibu zake.

Anza kwa kuuliza ukoo. Karela, uwatu, mdalasini, mlonge, habasoda, shubiri: hayo ni majina, tutakaa tuzungumze. "Mchanganyiko wa siri" si jina la mtu wala la mti. Ukiambiwa siri ni ya babu, mrudishie babu chupa yake na umsalimie sana. Uliza pia usajili. Tanzania Bara ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na mganga mwaminifu haoni haya kuonyesha cheti.

Mshenga atakujibu kwamba vidonge vya hospitali ndivyo vya kuogopwa, maana ni kemikali tupu. Mweleze ukoo wa metfomini, kidonge cha kisukari cha hospitali. Ulaya walikuwa na mmea uitwao galega, uliotumika kwa karne nyingi. Kiambata chake cha kushusha sukari kilikuwa na sumu, wakemia wakatengeneza ndugu yake aliye salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari. Tofauti ni kipimo. Kidonge cha miligramu 500 leo ni cha miligramu 500 kesho. Sufuria ya mizizi, nani aliipima?

Sasa mchunguze mchumba mwenye haraka. Chupa inayoshusha sukari kwa kishindo siku ya kwanza isikufurahishe, ikutie shaka. Mwaka 2008 huko Singapore, watu 150 walilazwa kwa sukari kushuka vibaya bila sababu ya wazi. Saba walizimia na wanne wakafa. Baadhi yao walikuwa wametumia vidonge haramu vya nguvu za kiume, na ndani yake ilikutwa glibenklamaidi, dawa ya kisukari ya hospitali, kwa kiasi cha kutisha. Ndiyo maana spika inayouza sukari na nguvu za kiume kwa pumzi moja inanikera kuliko zote.

Kisha uliza ataishi na nani humo ndani, kwa kuwa mwilini mwako tayari kuna wenyeji. Karela na uwatu vinaweza kushusha sukari. Glibenklamaidi na insulini nazo zinashusha. Zikikutana bila daktari kujua, sukari inaweza kwenda chini ya 3.9 mmol/L: jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa kali, maneno kukukimbia, kisha giza. Akiwa bado anameza, mpe mgonjwa vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Utomvu wa shubiri nao huendesha tumbo na kupoteza maji na madini ya potasiamu, jambo baya kwa mwenye figo dhaifu. Mdalasini wa kasia ukinywewa kwa wingi unaweza kuumiza ini.

Akikuambia uache vidonge ili "dawa ifanye kazi vizuri", posa imevunjika. Mfungulie mlango aende. Ahadi za uponyaji si ngeni: mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kuponywa. Kisukari bado tunacho. Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini, siku chache tu zinatosha kumfikisha mahututi.

Mchumba aliyevuka yote haya bado hajaonwa na wazee. Mbebe hadi kliniki, chupa nzima, umweke mezani. Usimfiche kwenye mkoba, usijibu "situmii kitu" wakati kinywa bado kichungu.

Nanyi madaktari na wauguzi, nawaomba: chupa ikitua mezani, msimkaripie aliyeileta. Akikaripiwa leo, mwezi ujao ataiacha nyumbani na kuendelea kuinywa. Muulizeni ina nini, anakunywa kiasi gani na tangu lini, kisha mpimeni sukari, figo na ini.