Jina Limesema Open, Mimi Nifanyeje?

Jamani, ukiona programu imeandikwa "Open" wewe unaelewa nini? Mimi naelewa bure, kujipakulia tu. Basi juzi pale kijiweni nawapa watu darasa. Sauti juu, soda mkononi. Nawaambia kuanzia sasa natumia Open tupu, hawa matajiri wa kompyuta hawanipati tena.

Dogo fundi simu hata kichwa hakuinua. "Mzee, OpenVMS unaijua?" Naijua sana, nikamjibu. Siijui. "Iko wazi au imefungwa?" Si jina linasema? Walicheka wote, mpaka muuza karanga.

Kumbe kuna kampuni ya Marekani, Digital, ilikuwa na mfumo wake VMS tangu 1977. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 90 wateja wote wanaimba Unix, wanaimba mifumo ya wazi. Digital nao wakabandika Open mbele. Eti wanafuata POSIX, viwango vya ukoo wa Unix, kwa hiyo wako wazi. Msimbo je? Mali yao vilevile. Leseni unalipia. Kampuni nyingine, SCO, nao wakaja na OpenServer, nayo ulipie, ndugu yangu.

Haya, mimi ningejuaje? Basi la kwetu limeandikwa "Luxury", kiti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na nauli ya luxury nalipa.

Dogo hajachoka. Jina UNIX leo lina wenyewe, wanaitwa The Open Group, na wanatoa vyeti. macOS ya Apple, iliyofungwa vile, cheti inacho. Ubuntu na Debian, ambazo unafungua unasoma mpaka utumbo, hazina. Wala Open kwenye jina hazina. Kichwa kikaniuma.

Nikajikosha: angalau Debian ni jina la kisomi, Kigiriki kile. Dogo akaguna. Jamaa mmoja, Ian Murdock, mwaka 1993 alichukua jina la mpenzi wake Debra, akaliunga na lake. Basi.

Sikujua mama watoto kasimama nyuma yangu na mfuko wa nyanya. "Umesikia? Mwenzio kampa mpenzi wake mfumo mzima wa kompyuta. Mimi kwenye simu umenisevu LUKU."

Sasa jamani, si kila akipiga nanunua?